Tunda la Kumzika Ndugu Yangu

Ndugu yangu alikuwa na hatia. Nasema hili mapema ili asije mtu akadhani natafuta huruma. Katikati ya miaka ya tisini, yeye na wenzake walisimamisha lori la sukari nje ya Awendo, wakamkata dereva mkono kwa panga na kubeba magunia. Wizi wa mabavu. Hukumu yake ilikuwa kitanzi, ingawa hakuna aliyekufa.

Kabla ya hapo, redio ikitangaza majambazi waliohukumiwa kunyongwa, mimi ndiye niliyekuwa nikishangilia dukani kwangu Kosele. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Rufaa ilipokataliwa, baba zangu wakubwa walikuja na yago, lile tunda refu la mvungunya ambalo sisi Wajaluo hulizika badala ya mtu aliyezama ziwani asipatikane. Walikuwa wamesikia kwamba anayenyongwa huzikwa gerezani, wakaamua kuyamaliza. Ndugu yangu alikuwa bado hajanyongwa. Lakini tunda likishazikwa, mkewe angehesabiwa mjane, arithiwe na shemeji.

"Wifi, mimi si mjane," aliniambia jikoni. "Huyo mtu anakula ugali huko gerezani Nairobi."

Shimo la kuzikia tunda lilikuwa limefika magotini. Niliingia nikakaa ndani yake.

"Nyathina, mwanangu, toka hapo," akasema baba mkubwa mmoja. "Serikali hairudishi maiti."

"Hakimu alimsikiza siku nne ndiyo akamhukumu. Nyinyi mnamuua hata hamjamuuliza."

Alikasirika, kisha akaona haya. Wakabeba tunda lao wakaenda. Najivunia siku ile mpaka leo, na udongo uliobaki kwenye gauni langu sikuuonea aibu.

Mwezi uliofuata nilisafiri kumwona gerezani. Nilimsimulia yote, nikitarajia shukrani.

"Si wewe ulikuwa unasema wanyongwe?" akauliza.

"Nilisema. Nilikosea."

Kisha akauliza tena: "Na yule dereva, mkono wake ulipona?"

Sikujua. Miaka mitatu tulikuwa tumeuza ng'ombe, tumelia kortini, tumegombania kaburi, na katika boma letu lote hakuna aliyewahi kuuliza hilo. Aliyeuliza ni yule ambaye serikali ilisema hafai tena kuishi.

Niliporudi sikushukia nyumbani. Nilipitiliza hadi Awendo, nikaanza kuuliza anakoishi dereva.