Palipobusiwa

Mpima wino wetu hampi mtu mkono. Tangu aje kutoka Kairo kuzipima Injili za kale za monasteri yetu, kila asubuhi ananawa hadi viwikoni na kukausha kidole kimoja kimoja kabla ya kuvaa glavu. Kitunguu hali, marashi hapaki. Ukiisogelea meza yake tu, utaisikia sauti yake ya chini: "Pumzi, Baba. Igeuzie kando." Mtu hugeuka, halafu huona afadhali aondoke kabisa. Chai tunamwachia mlangoni, na tukirudi tunaikuta imepoa.

Juzi mkuu wetu, Abuna Bishay, alimpelekea ukurasa wenye picha ya Bikira, uso wote umefutika. "Binti yangu, sikukuu hiyo inakuja. Tumpake rangi upya, watu wasimwone hivi." Mpima wino akawasha taa yake ya kupimia, akaweka kimashine chake juu ya pale palipofutika, akasoma. "Rangi hii ina madini ya risasi, haitoki hivi hivi. Na hapa pana nta ya mishumaa, pana mafuta ya ngozi. Hakuharibika, Baba. Kabusiwa. Miaka nenda miaka rudi watu wamembusu mpaka wakammaliza. Msimguse." Abuna akacheka: "Kumbe midomo ya wazee wetu ilishinda sabuni!" Akaenda zake. Mimi nilikuwa nyuma ya rafu napanga vitabu. Nikamwona mpima wino anavua glavu, anakiweka kiganja chake chini ya taa ile ile ya kupimia, anakigeuza huku na huku, akitafuta palipochakaa kwa kuguswa.