Siku Tatu za Kuirudishia Kompyuta ya Mama Sauti

Kaka yangu alipotaka mama ahamie kwake Songea, hakuwa na nia mbaya. Nalisema hilo mapema ili asije akasoma hapa akanuna. Lakini nia njema nayo huudhi, hasa ikija na begi. Krismasi ile alikuja na begi jipya la magurudumu, akalisimamisha kando ya mlango wa sebuleni, akasema, "Mama, uwe unaweka nguo zako humo kidogo kidogo. Mwezi wa tatu nakuja kukuchukua."

Mama alikuwa na mwaka wa nne haoni. Presha ya macho ilianza kumnyang'anya pembeni, ikamalizia katikati. Alifundisha shule ya msingi mpaka akastaafu, na tangu hapo ni katibu wa kikundi cha akina mama wa jumuiya yetu, huku milimani karibu na Litembo. Macho yalipoondoka, ukatibu haukuondoka, kwa sababu nilimwekea kompyuta inayosoma kwa sauti kila kilichoandikwa kwenye skrini na kila herufi anayobonyeza. Simu ya kioo tulijaribu, akairudisha siku ile ile: alitaka vitufe vya kupapasa. Kompyuta ile humsomea Kiswahili cha puani, kama mgeni mwenye mafua, na mama anaipenda hivyo hivyo.

"Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa tatu tuna kikao," mama alimjibu kaka. "Njoo ukae usikilize. Nikishindwa kusoma muhtasari wangu mwenyewe bila kusomewa na mtu, nitapanda gari lako bila kelele. Nikiusoma, habari za begi hilo tusizisikie tena."

Kaka alikubali, mimi nikiwa shahidi, kijiko cha wali mkononi.

Sasa niseme kuhusu mashine yenyewe. Mimi ni fundi wa kompyuta, nina kibanda Mbinga mjini. Laptop ya mama ni kuukuu, mifumo ya kisasa inayokuja tayari ilikuwa inaielemea mpaka inakwama. Nikaiwekea mfumo wa aina nyingine. Huo haukuletei programu zilizokwisha kutengenezwa. Unakuletea maandishi yake kama mtunzi alivyoyaandika, na mashine yako yenyewe ndiyo inayoyageuza kuwa programu. Ni sawa na kununua mahindi badala ya unga, ukasaga mwenyewe. Inachukua muda, lakini kinachotoka kinaitosha mashine yako. Mafundi wenzangu walinicheka sana. "Dada, unajitesa bure," walisema. Najitesa na mashine yangu, ninyi inawauma nini?

Jumatano ya wiki ya kikao nilifunga kibanda, nikapanda bodaboda kwenda kwa mama. Nilikwenda na kiherehere. Nilitaka kaka akija aikute mashine imenyooka, kila kitu kipya. Lugha ya kompyuta inayoitwa Python, ambayo kwayo imeandikwa ile programu ya kusoma kwa sauti, ilikuwa na toleo jipya, na mimi nikaona hiyo ndiyo siku ya kulipandisha. Diski ilikuwa karibu kujaa. Nikasema moyoni, la zamani ni takataka, liondoke lipishe jipya.

Kosa hilo nililitoa shambani. Sisi Wamatengo tunalima ngolo, yale mashimo yanayopangwa kwenye miteremko ili mvua isibebe udongo. Ngolo huanza kwa kufyeka. Nyasi zote zinakatwa, zinalazwa kwa mistari inayokatana, ndipo udongo wa katikati unachimbwa na kuzifunika. Hakuna anayebakiza kichaka cha mwaka jana kwa kukionea huruma. Nimelelewa hivyo, mkono wangu unajua hivyo. Basi nikafyeka. Toleo jipya lilipoingia tu, nikaamuru la zamani ling'olewe lote. Mfumo ulinionya, sikatai. Uliniuliza kama nina hakika, nami nikajibu ndiyo kwa mbwembwe.

Mama akaja akakaa, akapapasa vitufe, akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena.

"Mbona haisemi?"

"Inapumzika, mama."

"Usinizuge. Mimi sioni, sijawa mjinga."

Nikajaribu kuijenga upya ile programu ya kusoma, iliyokuwa bado imejengwa juu ya toleo la zamani, na hapo ndipo nilipojua nimejikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe. Mjenzi, yaani ile programu inayojenga programu nyingine zote ndani ya mashine, naye ameandikwa kwa Python, na alikuwa ameegemea toleo lile lile nililoling'oa. Nikimwita haamki. Anatupa mstari mmoja wa kulalamika kwamba hakioni anachokihitaji, anakufa. Nilimwita mara ngapi sijui. Nilimtukana pia, kwa Kimatengo, na mama akanikemea.

Alhamisi asubuhi kaka akapiga simu. "Vipi, mashine inasema?"

"Itasema."

"Maana yake haisemi. Mdogo wangu, acha ubishi. Nitamnunulia mama mpya kabisa, atulie nayo huku Songea."

Atulie! Mama yangu anayejua kila mbuni wa kahawa shambani kwake kwa kuugusa, akatulie kwenye kiti sebuleni kwa mtu, asubuhi mpaka jioni, anaulizwa kama anataka chai. Nilimwambia thubutu, nikakata simu. Kisha nikaketi kwenye kizingiti nikalia, kwa sababu kumwambia mtu thubutu ni rahisi, na mashine ilikuwa bado bubu.

Mama alikuwa kando yangu anachambua mbegu za maharage kwa vidole. Akaniacha nilie kiasi, halafu akasema, "Haya. Nieleze ulichofanya. Nieleze kama mimi ni mtoto wa darasa la tatu."

Nikamweleza yote, mpaka kufyeka. Vidole vyake vikasimama kwenye ungo.

"Nani alikwambia kila kitu ni ngolo?" aliuliza. "Mibuni ya marehemu baba yako tuliifufuaje?"

Nilikumbuka. Mbuni ukizeeka hukati shina ukaondoka zako. Unaacha chipukizi lianze chini, shina la zamani likiwa bado limesimama, linaulisha mti. Misimu inapita, chipukizi linakomaa, linabeba. Hapo ndipo unaleta msumeno.

"Wewe umekata shina," mama alisema, "chipukizi lenyewe bado halijabeba hata punje. Rudisha shina."

"Mama, shina likishakatwa halirudi."

"Halirudi kwa mbuni. Kwa hicho kidude chako sijui. Fundi ni nani hapa?"

Kha! Nilinyanyuka kwa hasira, hasira ya kuambiwa kitu ambacho nilipaswa kukijua. Kwenye kopo la vifungo kabatini kulikuwa na flashi niliyotumia kuiwekea mashine ile mfumo kwa mara ya kwanza, na ndani yake toleo la zamani lilikuwamo. Nikaiwasha mashine kwa kutumia flashi hiyo, nikaingia kwenye diski kama mtu anayepitia dirishani, nikalirudisha toleo la zamani mahali pake. Nikamwita mjenzi. Akaamka, akauliza nataka nini. Nilipiga kigelegele mpaka kuku wakakimbia.

Nafasi kwenye diski niliipata kwa kufuta tamthilia zangu zote nilizokuwa nimezificha humo. Mama akasema alijua muda mrefu, mashine ilishawahi kumsomea majina yake. Kisha kwenye faili la maagizo nikaandika matoleo yote mawili, la zamani na jipya, yasimame pamoja, nikamwambia mjenzi ajenge upya kila kinachoyategemea. Orodha ilikuwa ndefu kama litania. Mashine ikaanza kusaga.

Mchana mvua ikashuka, umeme ukaondoka. Betri ya laptop ile haifiki hata nusu saa. Ikazima katikati ya kazi, na umeme haukurudi mpaka Ijumaa alfajiri. Nikaendelea pale ilipokomea, ikakwama tena: nilikuwa nimeiambia ijenge vitu vinne kwa wakati mmoja, na kumbukumbu yake haikutosha. Nikaiambia kimoja kimoja. Ikachemka mpaka huwezi kuigusa. Nikaipandisha juu ya matofali mawili kwenye mlango wa jikoni, upepo wa mlimani uipite chini. Jirani mmoja aliyekuja kuomba moto akauliza nakaanga nini.

Saa nane mchana orodha ikaisha, hakuna kosa hata moja. Nikawasha programu ya kusoma. Kimya!

Hapo nilitamani kuitupa bondeni, nasema kweli. Nikauma meno, nikaanza kupekua folda za toleo la zamani, moja baada ya nyingine. Nikakikuta kilichokuwa kinakwamisha, nacho ni kazi ya mikono yangu. Mama alipoanza kuitumia mashine ile, sauti ilikuwa inaboronga majina ya vijiji vyetu, nami nikaandika kiprogramu kidogo cha kuirekebishia matamshi. Nilikitia mwenyewe kwa mkono, bila kumpitia mjenzi. Mjenzi angekijuaje? Alijenga vyote anavyovijua, changu akakiacha upande wa zamani, na programu ya kusoma haianzi bila kukiita. Nikakihamishia kwenye toleo jipya, nikawasha tena.

"Ajenda ya tatu, mengineyo," ikasema sauti ya mafua.

Mama alikuwa jikoni. Alikuja anapapasa ukuta, kwa haraka ambayo sijaiona kwake tangu macho yaondoke, akaweka kiganja juu ya kifuniko kilichokuwa bado cha moto. "Ulikuwa wapi wewe?" akaiuliza. Nilikwenda nje nikamwaga maji ya kuoshea vyombo ambayo hayakuwa na haja ya kumwagwa.

Jumamosi akina mama walijaa sebuleni. Kaka alifika, akasalimia shikamoo kwa kila mmoja, akakaa karibu na begi. Mama akavaa kisikilizio sikio moja, akaanza kuusoma muhtasari: mashine inamnong'oneza mstari, yeye anautoa kwa sauti yake ya ualimu, mstari kwa mstari, mpaka mengineyo. Hakukwama popote. Akina mama wakauthibitisha.

Kaka akakohoa. "Samahanini, mama zangu. Mama, tuseme ukweli. Huko si kusoma. Mashine ndiyo inasoma, wewe unarudia tu."

Mimi nilishainuka nimpe lake, mama akaninyooshea kidole nikae.

"Mwanangu, umevaa miwani?"

"Ndiyo, mama."

"Ivue. Mwenyekiti, mpatie kitabu cha nyimbo. Haya baba, tusomee ubeti mmoja."

Kaka akakileta kitabu puani. Akakisogeza mbali. Akakipeleka dirishani. "Sioni vizuri bila miwani," akasema mwishowe, kwa sauti ndogo.

"Kumbe miwani ndiyo inasoma, wewe unarudia tu," mama alisema. "Basi iambie miwani ipande gari iende Songea. Mimi nina maharage ya kupanda."

Vigelegele vilivyopigwa hapo, sijui kama kaka amevisahau. Akacheka mwenyewe, mkono usoni, akalivuta begi ili aondoke nalo. Halikusogea. Akafungua zipu. Lilikuwa limejaa mbegu za maharage, zimechambuliwa, mpaka juu.

"Nyasi za ngolo bado hazijakatwa," mama alimwambia. "Na kwetu nyasi hukatwa na wanaume. Vua na viatu."

Alikata, vibaya, mpaka jioni, na suruali yake ya ofisini.

Jumapili tulipotoka kanisani nilifungua mashine nimalizie kazi. Toleo jipya lilikuwa linabeba kila kitu, hakukuwa tena na sababu ya kuweka mawili. Nikamwambia mama kwamba sasa msumeno unaweza kuja, naliondoa la zamani.

"Linakuzuia kufanya kazi?"

"Halinizuii. Limezeeka tu."

"Basi toa mkono wako hapo," mama alisema. "Uliache mpaka lenyewe liseme limechoka."