Anayetushushia Nyimbo

Mpiga piano wa darasa letu la kuimba hapa Parma, yaani, anapumua na wewe. Ukivuta pumzi na yeye anavuta, ukichelewa vidole vyake vinene vinakungoja. Pipi ya anisi haimtoki mdomoni, na sauti yake huisikii ila akikutania: "Binti, leo umemeza paka?" Halafu akikuona umechoka, anaushusha wimbo mzima kidogo, kimyakimya, ili ile noti ya juu uifikie. Unatoka unajiona malaika. Wote tunajua, ila tunajifanya hatujui.

Juzi akaja Bi Ornella, bibi yake Nives, mwenzetu wa darasa, aliyekuwa akiimba na huyu mpiga piano enzi za ujana wao. Alitaka mjukuu amsikie mara moja tu akiimba wimbo wao wa zamani, wa mtu anayesubiri dirisha la mpenzi wake lifunguliwe. "Haya babu, tuone kama bado una mikono," akamwambia. "Wewe lete koo," akajibiwa. Mzee akaanza kupiga, kafumba macho, anatabasamu. Hakuushusha. Ilipofika noti ya juu, sauti ya bibi ikakatika, akabaki kashika shingo. Nives akaangalia sakafu. "Basi, imeshakwenda," bibi akasema, akachukua koti lake.

Walipoondoka nikamuuliza, "Mwalimu, mbona sisi unatushushia?"

Akafunga kifuniko cha piano taratibu. "Nyinyi huwa nawasikiliza," akasema. "Yeye nilikuwa namkumbuka."