Singo Kwenye Falaji

Mwanangu karudi kutoka Yordani na picha za magofu ya hamamu ya Warumi, watalii wamesimama palipokuwa na maji. Tangu nizione sikukalika, rafiki yangu. Nyumba yetu ya Mabela ikaniwia ndogo. Asubuhi yake nikatia kopo la singo, ile dawa ya kusugulia mwili, mkobani, nikaendesha gari hadi Quriyat nilikokulia, kulitazama gofu letu wenyewe.

Letu lilikuwa chumba cha mawe juu ya falaji, mfereji wa mtaa, pa kuogea wanawake. Kila mtoto wa pale aliujua utaratibu: juu kabisa maji ya kunywa, kisha msikiti, kisha wanaume, ndipo wanawake. Mimi, mtoto bado, na bibi yangu tulikuwa ndiyo kwanza tumefika kutoka Unguja, hatukujua kitu.

Bibi yangu akachagua maji yaliyo safi zaidi, kule juu, akanisinga mwili mzima kwa liwa, manjano na mawaridi yaliyotwangwa. Maji yalikuwa baridi, nikapiga kelele kwa raha. Hatukufikiri yanakwenda wapi. Kule chini watu wakakuta maji ya udhu yamekuwa rangi ya pilau.

Basi ilikuwa vurugu! Wanawake wakaacha kutuitikia salamu. Bibi, aliyezoea nyumba isiyokauka wageni, akafunga mlango, akawa anakunja nguo sandukuni na kuzikunjua.

"Nnarudi kwetu," akasema. "Siwezi kukaa na watu wasonitaka."

Nikalia sana. Nilikwisha kuyapenda yale maji.

Ndipo jirani akabisha, na binti yake aliyekaribia kuolewa. Yule mama akaupapasa mkono wangu, akauliza kwa Kiarabu, bila kutabasamu: "Singo yenu ile ndiyo iliyomlainisha huyu mtoto?"

Jioni ile bibi alimsinga yule binti, safari hii chini, kwenye chumba cha wanawake. Tangu hapo bi harusi wa mtaa hakutoka bila mkono wa bibi, na sanduku likarudi mvunguni.

Sasa paa limeanguka. Mfereji umejaa mchanga na chupa za plastiki. Nilizunguka huku na huko, nikigusa kuta, nikitafuta hata unyevu. Huzuni ilinishika. Nikafungua kopo, nikajisinga viganja vyote viwili, ndipo nikakumbuka kuwa hakuna maji ya kusuuzia.

Nikarudi Mabela na mikono ya manjano kwenye usukani, singo ikikauka na kunidondokea mapajani.