Firigisi Iliyoanguka Siku ya Komunyo

Sisi tuliokulia Lubumbashi wakati nyua za nyumba zetu zilikuwa bado za udongo mwekundu tulikuwa na elimu moja isiyofundishwa darasani, nayo ni elimu ya chakula kilichoanguka. Naiita elimu kwa makusudi, kwa maana ilikuwa na kanuni zake, mabishano yake, hukumu zake na hata rufaa. Mtoto wa leo chakula kikimponyoka humtazama mama yake. Sisi tulitazama chini, kisha tukatazamana, na kabla mtu hajapepesa jicho kila mmoja alikwishajua kesi hiyo ni ya aina gani.

Karanga haikuwa kesi kabisa: iliokotwa, ikafutwa pajani, ikaliwa, na mazungumzo yakaendelea. Kitumbula, yaani lile andazi la mviringo tulilonunua asubuhi kwa mama wa barabarani, kilitegemea joto lake, kwa kuwa kikiwa bado cha moto kilikuwa na mafuta, na mafuta huvuta mchanga. Tonge la bukari, yaani ugali wetu, lilidai mkono mwepesi: ulilibandua ngozi yake kwa kucha mbili, polepole, kama mtu anayemenya yai, hata ukabaki na kiini cheupe kisichojua habari zozote za dunia. Sombe, yaani kisamvu, ikianguka ilikuwa msiba, na hatukupata dawa yake kamwe. Kuhusu viwavi wakavu, ambao kwetu huitwa finkubala, kaka yangu Feli alishikilia kwamba hawawezi kuhesabiwa kuwa wameanguka, kwa sababu kiwavi akiwa chini yuko kwao.

Kwa vyakula vyote vilivyobaki kulikuwa na utaratibu mmoja, na kwa kuwa tulikuwa watoto wa katekisimu, utaratibu huo ulikuwa na sura ya ibada. Ulichora msalaba kwa kidole juu ya kilichoanguka, ukapuliza mara mbili, ukaokota, wakati mwenzako anahesabu kwa sauti: “Moya! Mbili! Tatu!” Kabla ya tatu kilikuwa chakula, baada ya tatu kilikuwa uchafu. Ugomvi wetu wote ulihusu mwendo wa hesabu. Feli alipoangusha yeye, alihesabu kama padri mzee anayepanda ngazi. Nilipoangusha mimi, alihesabu kama treni inayopita kituo bila kusimama.

Mambo haya yote tuliyafanya nyuma ya mgongo wa mama. Mama alikuwa amesoma mafunzo ya wake wa wafanyakazi, ambako alifundishwa kuchemsha maji, kukata kucha na kumwogopa kiumbe mdogo asiyeonekana, mwenye jina la mikrobe. Alimwamini kiumbe huyo kuliko majirani. Wanawake wa avenyu yetu walikuja kwake kujifunza namna ya kuosha mboga, naye aliwapanga mstari mbele ya beseni kama walimu wapangavyo watoto. Kwake hakukuwa na kesi wala rufaa. Sheria yake ilikuwa fupi, na aliitamka bila hata kugeuza kichwa: “Yenye inaanguka iko ya bata.” Nasi tulikuwa na bata kweli, bata dume mmoja mzito, mwenye shingo ya kijani, ambaye aliielewa sheria hiyo vizuri kuliko sisi na alinenepa kwayo.

Sasa niseme juu ya firigisi. Nyumbani kwetu kuku akichinjwa, kila kipande kilikuwa na mwenyewe, lakini firigisi haikuitwa hata kwa jina lake. Iliitwa “ya papa,” basi. Papa alifanya kazi katika karakana ya reli, kama babu alivyofanya, na hakuwa mtu wa kudai makuu. Lakini watu wetu wa kaskazini mwa Katanga wana desturi, na mke ambaye sahani ya mumewe inafika mezani bila firigisi ana maswali mengi ya kujibu. Ataulizwa ameila nani. Swali hilo lilikuwa zito kuliko nyama yenyewe, na ndoa za watu zimeyumba kwa ajili yake.

Siku ya komunyo ya kwanza ya Feli, shangazi yetu, dada mkubwa wa papa, alishuka kwa treni kutoka kaskazini akiwa na jogoo hai ndani ya kikapu. Alikuwa amemlea mwenyewe, na alimtambulisha kwetu kabla ya kutuuliza habari. Shangazi alikuwa mwanamke mnene wa sauti na mwembamba wa mwili, na macho yake yalitembea ndani ya nyumba yetu kama macho ya mkaguzi. Papa alimwita Yaya, kama mtu anavyomwita mkubwa wake, na mama vilevile. Mama alimwogopa kuliko mikrobe, kwa sababu alijua kwamba lolote atakaloliona shangazi kwetu litapanda treni pamoja naye, na kabla ya juma kwisha ukoo mzima utakuwa umelisikia.

Tulirudi kutoka misani, na jogoo wa shangazi akachinjwa na kupikwa. Feli alivaa shati jeupe la kukodolea macho, jeupe kiasi kwamba mama alimkataza kukaa, kuegemea na, kwa muda fulani, kupumua karibu na ukuta, kwa kuwa mpiga picha angekuja alasiri. Mimi nilipewa heshima ya kubeba sinia kutoka jiko la nje hadi sebuleni walipokaa papa na shangazi. Zilikuwa hatua ishirini na mbili. Niliijua idadi yake. Sinia ilifunikwa kitambaa, na ningefika salama kama nisingetaka kuiona ile “ya papa” kwa macho yangu. Katika hatua ya kumi na tatu au ya kumi na nne nikafunua pembe ya kitambaa kwa kidevu. Nikajikwaa. Sahani ilibaki, mchuzi ulibaki, bukari ilibaki. Firigisi peke yake iliruka, ikaanguka, ikabingirika mara tatu katika udongo mwekundu na kusimama mbele ya miguu ya bata.

Sikuwahi kuona ndege akifikiri. Huyu hakufikiri.

“Feli!” nikapiga kelele kwa kunong’ona, jambo ambalo hadi leo sijui niliwezaje. “Feli, kuya! Bata iko na ya papa!”

Kaka yangu alisahau shati, komunyo na mpiga picha. Bata akazunguka jiko. Feli akazunguka jiko. Bata akapita katikati ya tuta la mboga la mama. Feli akapita juu yake kwa tumbo. Walipotokea upande wa pili sikuweza kusema mara moja ni yupi aliyekuwa amemshika mwenzake, lakini kulikuwa na vumbi, na mabawa, na sauti ya Feli ikisema kwa hasira kubwa, “Tema! Nakuambia tema!” hadi bata, akiwa ameshikwa shingo, akatii.

Mama akatoka jikoni wakati huohuo. Aliniona na sinia. Alimwona Feli, ambaye shati lake lilikuwa sasa na rangi ya uwanja. Aliona kilichokuwa mkononi mwake. Na kutoka sebuleni sauti ya shangazi ikapaa: “Mama Feli! Chakula iko njiani ao iko bado inatembea mu uwanja?”

Nilimtazama mama nikingoja sheria. Ilikuwa imeanguka, zaidi ya hapo, bata alikwishachukua mali yake. Mama akasema maneno mawili ambayo sikutarajia kuyasikia kutoka kwake hadi mwisho wa dunia:

“Mayi. Mbio.”

Akaiosha mara tatu kwa maji yaliyochemshwa, akaifuta, akaitia mchuzi wa moto juu, akairudisha mahali pake katikati ya sahani. “Weye,” akaniambia bila kunitazama, “hapana sema kintu.” Nikazimaliza hatua zangu zilizobaki nikiwa mtu mwingine.

Ingeishia hapo kama papa asingekuwa mkarimu. Lakini kwa furaha ya siku ile, na mbele ya macho yangu yaliyonitoka, aliikata firigisi vipande viwili, akainua kimoja kwa mikono miwili, akasema, “Yaya, leo iko yako. Ni weye ulilea hii jogoo.”

Shangazi akapokea kwa heshima, akatia kinywani, akatafuna.

*Kra.*

Nyumba nzima iliisikia sauti ile. Shangazi akaacha kutafuna. Akatafuna tena, kwa uangalifu, kama mtu anayeuliza swali mara ya pili. *Kra.*

“Mama Feli,” akaita. Mama akaja mlangoni. “Nani alisafisha hii kintu?”

“Ni miye, Yaya.”

“Muchanga.” Akalitamka neno hilo taratibu ili kila mtu apate sehemu yake. “Jogoo naleta na mikono yangu, na treni siku mbili, na unanipa muchanga. Njo bale bamama banakuya kujifunza kwako, unabafundisha hivi?”

Firigisi ndiyo sehemu ya kuku inayohifadhi mchanga, na mwanamke asiyejua kuisafisha hajui kupika: hivyo ndivyo wazee wetu walivyopima. Mama aliinamisha macho. Papa akawa anasoma sahani yake. Nikaelewa, ghafla na kwa uchungu, kwamba mama alikuwa na neno moja tu la kujitetea, yaani kwamba firigisi ilianguka, na kwamba neno hilo lilikuwa baya kuliko shtaka lenyewe, kwa sababu basi angekuwa amempelekea mumewe na wifi yake kitu alichokiokota chini kwa kujua. Aliamua kunyamaza na kuwa mpishi mbaya. Yeye. Mwalimu wa avenyu nzima, yeye.

“Shangazi,” nikasema. “Haiko mama. Ni miye niliangusha.”

“Uliangusha.”

“Ndiyo. Na bata akakimbia nayo.”

Shangazi akageuka na mwili wote. “Bata?”

“Ndiyo, shangazi.”

“Akameza?”

“Hapana. Feli alimushika ku shingo.”

Feli, aliyekuwa akisikiliza nyuma ya mlango, alidhani ameitwa, akaingia. Alisimama katikati ya sebule, na shati la komunyo likiwa jekundu toka kola hadi ukingo, jani la mboga likining’inia sikioni, na usoni ana utulivu wa mtakatifu aliyekwishateswa.

Kilianza mabegani mwa shangazi. Mabega yalipanda, yakashuka, kikatoka kitu kama kikohozi, kisha kicheko kikamshika mwanamke yule hata kitambaa chake cha kichwa kikaanguka juu ya bukari. Alipiga paja. Alimwonyesha Feli kwa kidole na kushindwa kusema. “Na bale mikrobe ya mama yako,” akaweza hatimaye kumuuliza, “ulibashika nabo ku shingo?” Papa alilia machozi ya kucheka, nami nikacheka kwa kuwa sikuuawa.

“Shiye na baba yenu, kule kwetu,” shangazi akasema akipangusa macho, “tulikula hata yenye mbuzi ilitema.”

“Yaya! Hapana semea batoto vile!” papa akapaza sauti, lakini alikuwa amechelewa; Feli alikwishayahifadhi maneno hayo kwa matumizi ya baadaye.

Shangazi hakuitema firigisi. Hilo nataka liandikwe wazi. Alimalizia kutafuna, *kra* zake zote, akameza, akanywa maji. Kisha akachukua kile kipande cha pili, cha papa, akamnyooshea mama, ambaye alikuwa bado amesimama mlangoni.

“Kuya ukae. Kula na weye.”

Kwa desturi mke hakula firigisi. Mama hakula sebuleni. Mama hakula kilichoanguka. Alikaa. Akaitazama, nikamwona akipigana na yule kiumbe asiyeonekana, pigano fupi na kali, kisha akaitia kinywani mbele yetu sote. Tulingoja. *Kra.* Naye akacheka, akiwa ameziba mdomo kwa mkono, kicheko cha msichana ambacho sikuwa nimewahi kukisikia.

Kesho yake asubuhi niliangusha kitumbula, nikaanza kuchora msalaba wangu, nikapigwa na mama kofi la mkononi kama zamani. Sheria ilikuwa imerudi kazini.

Leo binti yangu ananiuliza kama awaache watoto wale kilichoanguka, nami siwezi kumdanganya: hapana, asiwaache. Mama alikuwa na haki kuliko tulivyopenda kukiri. Tulikuwa na minyoo, na tuliugua matumbo ambayo leo tunayasahau ili kumbukumbu iwe tamu. Na vumbi la leo silo lile. Malori ya madini yanapita mchana kutwa, na yanachoacha nyuma yao sikijui jina lake. Wajukuu wangu wana sakafu ya vigae inayong’aa, wana jeli ya kusafishia mikono kila chumba, na yule mkubwa, mwenye miaka saba, husoma tarehe ya mwisho kwenye pakiti kabla ya kunisalimia. Wataishi sana. Nawaombea hivyo.

Jumapili iliyopita mdogo wake aliangusha kipande cha keki. Alikuwa anakula peke yake, na simu imeegemezwa kwenye glasi mbele yake. Hakutazama chini, mkono wake ukachukua kipande kingine. Kaka yake alikuwa chumbani na simu yake. Binti yangu alikuwa anajibu ujumbe. Hakuna aliyepiga kelele, hakuna aliyekimbia, hakuna aliyehesabu. Nikainama mimi, kwa magoti haya yanayodai ruhusa, nikakiokota. Nikainuka nacho mkononi na kusimama hivyo kwa muda mrefu kuliko ilivyopasa, nikitafuta mezani jicho la mtu wa kunikataza.