Kutoka Mahali Ambapo Hukuingia

Huu ni mwaka wangu wa kumi na moja kama katibu wa mradi wa maji wa sehemu yetu, upande wa Giakanja. Niliacha shule darasa la nane. Kazi ya mabomba nilijifunza kwa kufungua na kufunga, na kazi ya kuandika kumbukumbu za mikutano nilijifunza kwenye kitabu kikuukuu nilichonunua kando ya soko la Nyeri, kurasa zake za mwisho zikiwa zimeng'oka. Kwa hiyo najua vizuri jinsi mkutano unavyofunguliwa. Jinsi unavyofungwa nimejibunia.

Watu wa kwetu huniletea karatasi zao niwasomee: fomu za basari, barua za hospitali, ilani za ardhi. Nikisoma mara tatu, kwa kawaida huelewa. Karatasi ya Mama Mapacha nimeisoma zaidi ya mara tatu.

Mama Mapacha ni jirani yangu, ua mmoja tu kati yetu. Alisomea ualimu, serikali haikumwajiri, na kwa miaka mingi amefundisha watoto wadogo katika chumba cha nyuma cha kanisa. Mwaka wa uchaguzi, nafasi za usimamizi wa vituo vya kupigia kura zilipotangazwa, aliamua kuomba. Uchaguzi uliopita alikuwa karani wa kupaka watu wino vidoleni. Safari hii alitaka kuwa msimamizi wa kituo kizima, pale pale shule ya msingi. Aliniambia kwamba akipata cheti cha kazi hiyo, walau atakuwa na karatasi moja ya serikali inayosema aliaminiwa.

Alinikuta uani nikikata bomba. Akanipa simu yake.

"Katibu, hebu soma hii. Soma pole pole, usikimbie."

Ulikuwa ukurasa wa serikali ambapo mtu huandika nambari ya kitambulisho na kuonyeshwa kama yumo katika chama cha siasa. Nilisoma.

"Inasema wewe ni mwanachama."

"Wa nani?"

Nilimtajia chama.

"Hao? Kofia yao walinipatia kwa mazishi, nikafunika nayo ndoo ya maziwa. Hiyo ndiyo siasa yangu yote na wao."

"Labda ulijiandikisha ukasahau."

"Mtu husahau amefunga ndoa?"

Chini ya ukurasa kulikuwa na kitufe kimoja tu, cha kujiuzulu. Nikamwambia abonyeze, jambo liishe. Fomu ya kazi ilitaka mwombaji atangaze kwamba hana chama, na siku ya mwisho ya kuipeleka ilikuwa Ijumaa ya wiki iliyofuata. Akichukua simu yake alinitazama kama mwalimu anavyomtazama mtoto aliyejibu haraka.

"Nikibonyeza hapo nimesema nini, katibu?"

"Umesema umetoka."

"Na anayetoka, si alikuwa ndani?"

"Ni kitufe tu, mama."

"Fomu yao inauliza pia kama nimewahi kuwa mwanachama miaka hii ya karibu. Hapo nijibu nini? Nikisema hapana, kitufe kinanikana. Nikisema ndiyo, nimedanganya na kazi sipati."

Nilichukua penseli nikachora njia mbili kwenye ubao niliokuwa nakatia bomba. Njia ya kubonyeza ilifika kwenye fomu ikakwama. Njia ya kutobonyeza ilifika kwenye fomu hiyo hiyo ikakwama. Niliangalia kama nimeruka hatua. Sikuwa nimeruka.

Alipoenda niliandika nambari yangu mwenyewe katika ukurasa ule. Nami nilikuwa mwanachama. Chama kile kile, tarehe ile ile ya kuingia.

Sikukasirika kwanza. Nilihisi kama mtu aliyepita mbele ya kanisa na kusikia jina lake likitangazwa kwenye ndoa. Kisha nikafanya ninachokijua: nikachukua karatasi na kuorodhesha kila mahali nilipowahi kuandika nambari yangu ya kitambulisho. Nilianza na jumba moja la Nyeri ambapo bawabu ana daftari lililofungwa kalamu kwa uzi. Unaandika jina, kitambulisho, simu, unakokwenda, sahihi. Siku moja nilienda hapo kumuuliza fundi bei ya mita ya maji, nikakaa dakika nne, na jina langu limebaki humo mpaka leo. Kuna ofisi ya chifu. Kuna kiwanda cha kahawa. Kuna kamati za mazishi, mbili au tatu kwa mwaka. Kuna duka la simu, ambako walinipiga hata picha. Nilipofika mstari wa ishirini na saba niliacha, kwa sababu nilikumbuka pia zahanati, na mahali pa kununulia mbolea, na nikaona kwamba orodha haina mwisho ninaoujua.

Kesho yake nilienda saiba mjini, duka la kompyuta za kulipia, kwa sababu simu yangu ni ya zamani na ukurasa ule ulikuwa ukikatika. Mwenye saiba ni mama wa makamo anayeshona vitambaa akisubiri wateja. Nilimweleza.

"Na unashangaa?" akasema. "Mimi nilijikuta kwa vyama mbili. Moja sijui hata rangi yake."

"Ukafanya nini?"

"Nilifanya kazi. Hakuna siri siku hizi, katibu. Sukari nikinunua kwa simu, wanajua. Mungu anajua, serikali inajua, na watu wa kukopesha wanajua kabla ya Mungu."

"Lakini wewe hukukubali."

"Kukubali ni ya watu wako na wakati," akasema, akarudi kwenye kitambaa chake.

Sikuweza kumpinga, na sikukubaliana naye. Nilikaa kwenye mashine ya kona. Mfukoni nilikuwa na daftari la mradi wa maji, kwa sababu huwa natembea nalo. Nikawaza: kama mimi na jirani yangu tumo, huenda na wengine wamo, na nikijua ni akina nani nitajua tulikutania wapi. Daftari lina majina yote, vitambulisho vyote. Nilianza mstari wa kwanza.

Wa kwanza alikuwemo. Wa pili alikuwemo. Wa tano, mzee aliyefariki miaka miwili kabla ya tarehe ile, ambaye mjane wake bado anatumia mstari wake wa maji, alikuwemo. Niliandika alama ndogo ya penseli kando ya kila jina. Mpaka mstari wa thelathini na nane, wote walikuwemo. Wa thelathini na tisa hakuwemo. Wala wa arobaini, wala waliofuata.

Nilikaa nikitazama mahali ambapo alama zilikoma. Mstari wa thelathini na tisa ni wa familia iliyohamia kutoka Kianyaga, na nakumbuka vizuri walijiunga lini, kwa sababu niliwafungia bomba mimi mwenyewe. Wiki chache kabla hawajafika, mtu mmoja mwenye koti safi alikuja nyumbani wakati wa baridi. Alisema kuna mpango wa kugawa miche ya avokado kwa miradi iliyojipanga, na alihitaji orodha ya wanachama wenye vitambulisho na sahihi. Alilisifu daftari langu. Alisema miradi mingine huandika kama kuku wamekwaruza. Nikampa nakala, kurasa mbili, tena nikampigia muhuri wa mradi ili iwe rasmi. Wakati huo mradi ulikuwa na watu thelathini na wanane.

Miche ililetwa. Ndiyo maana sikuwahi kumfikiria tena.

Je, ni yeye? Au alimpa mwingine? Au mwingine alimwibia? Sijui hadi leo. Najua tu kwamba kila aliyekuwa katika kurasa zile mbili aliingia chamani, pamoja na marehemu.

Nilimweleza Mama Mapacha jioni hiyo, kabla ya kukamua. Nilimweleza kwa mpangilio, kuanzia mstari wa kwanza. Alisikiliza ameshika ndoo.

"Kwa hivyo ulienda saiba ukaangalia nambari ya kila mtu."

"Ndiyo. Ndivyo nilivyogundua."

"Uliuliza nani?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali mengi kuhusu yule mwenye koti. Hilo sikuwa nimejiandaa nalo.

"Sikuuliza mtu," nikasema.

"Mara ya kwanza hukuuliza, ukaharibu. Mara ya pili hukuuliza, ukagundua umeharibu." Hakusema kwa ukali. "Wacha nione hilo daftari."

Alifungua ukurasa wa mstari wake, akaweka kidole chini ya sahihi.

"Hii ni yangu. Niliweka kwa sababu ya maji."

"Najua."

"Sasa andika. Wewe ndiye unajua kuandika. Andika kwa kumbukumbu za mkutano kwamba katibu alitoa majina yetu bila ruhusa. Usome Jumamosi, watu wathibitishe, upige ule muhuri wako. Mimi nitapeleka hiyo, sio kitufe."

"Na kama ofisi haiikubali?"

"Basi watakuwa wamekataa ukweli. Siwezi kuwapatia uongo ndio wakubali."

Niliamini anakosea. Nilitaka kumwambia kwamba mashine haisomi kumbukumbu za mkutano, na kwamba kubonyeza tu kungempa walau nafasi ndogo. Lakini ni vigumu kumshauri mtu jinsi ya kutoka wakati wewe ndiye uliyemwingiza.

Nimeandika kumbukumbu nyingi. Nimeandika za mwenyekiti kusinzia bila kutumia neno kusinzia. Hizi za majina zilinichukua siku mbili. Kila nilipoanza, sentensi iligeuka: "Ilibainika kwamba majina yalitolewa." Yalitolewa na nani? Nilifuta. Mwishowe niliandika: "Katibu alitoa nakala ya orodha ya wanachama kwa mtu wa nje bila kuwauliza wanachama. Baadaye aliitumia orodha hiyo hiyo kuchunguza vitambulisho vyao, pia bila kuwauliza."

Jumamosi tulikutana katika ukumbi wa kanisa. Nilisoma. Mzee mmoja wa nyuma, ambaye bomba lake hupasuka kila msimu, akainua mkono.

"Ati sisi ni watu wa chama?"

"Ndiyo, mzee."

"Na maji itafika?"

"Hayo ni mambo mawili tofauti."

"Kwangu ni moja. Kama chama inaleta maji, niache hapo hapo."

Watu wakacheka. Mama mmoja akauliza kama kuna chama kinacholeta mbegu za viazi, aandikwe huko pia. Mwingine akasema katibu asisumbuliwe, hakufanya kwa ubaya, na avokado zimeanza kuzaa. Mjane wa yule marehemu hakucheka. Aliuliza kama mzee wake atapiga kura. Nilimwambia hapana, kuwa katika chama si kuwa katika orodha ya wapiga kura. Akauliza, kama hapigi kura, wanamtakia nini.

Mwenyekiti aliuliza nani anapendekeza kumbukumbu zithibitishwe. Mama Mapacha akasimama. Nani anaunga mkono? Kila mtu aliangalia viatu vyake, kwa sababu kuunga mkono kulionekana kama kunishtaki. Nilisubiri. Mjane akasimama. Nikaandika majina yao wawili, nikapiga muhuri.

Mama Mapacha alipeleka fomu siku ya Alhamisi, nami nikamsindikiza. Karani wa dirishani alisoma kumbukumbu mpaka mwisho, akageuza karatasi kuona kama kuna kitu nyuma.

"Mama, hii ni ya maji."

"Ndiyo."

"Barua ya kujiuzulu iko wapi?"

"Siwezi kujiuzulu mahali sikuingia."

Karani akanitazama mimi. "Wewe ndiye huyu katibu?"

"Ndimi."

"Ulijiandika mwenyewe hivi?"

"Ndiyo."

Alifikiri, akaenda ndani, akarudi. Alisema hakuna faili la karatasi kama hiyo, lakini ataibana nyuma ya fomu, na yeye si wa kuamua. Akagonga muhuri wa kupokelewa. Tulipofika barabarani, Mama Mapacha aliniomba nimshikie kikapu afunge kitambaa chake cha kichwa vizuri.

Waliochaguliwa kusimamia vituo walipotangazwa, jina lake halikuwemo. Hakuna aliyesema ni kwa sababu ya chama. Huenda walipata waliohitimu zaidi. Huenda karatasi yetu ilidondoka. Siku ya kura, kituo chetu kilisimamiwa na mwanamume mpole kutoka mjini, na Mama Mapacha akapanga foleni kama sisi sote, akapakwa wino na msichana ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kusoma.

Mimi nilibonyeza kitufe, wiki moja baada ya uchaguzi. Ujumbe ulikuja mara moja ukinishukuru kwa muda niliokuwa mwanachama. Kwa hiyo mimi, niliyekubali kwamba niliingia, nimetoka. Yeye, aliyekataa, bado yumo. Niliangalia, safari hii baada ya kumwomba ruhusa. Nimejaribu kueleza hili kwa maandishi ili nione kosa liko hatua gani, kama ninavyotafuta mahali bomba linapovuja, na kila hatua nikiigusa ni kavu.

Mkutano uliofuata nilipitisha karatasi ya mahudhurio kama kawaida, kwa sababu mwenyekiti alisema bila vitambulisho ofisi ya maji haitatutambua. Ilipomfikia mkononi, Mama Mapacha aliandika jina, akaandika nambari, akatia sahihi, kisha kando yake, kwa mwandiko wa mwalimu, akaandika: kwa maji tu. Maneno yalivuka mstari wangu yakaingia safu ya jirani. Mjane aliyeketi karibu naye akasoma, akaomba kalamu, akaandika vivyo hivyo.

Sijui kama maneno hayo yana nguvu yoyote. Mwezi uliofuata, nilipokuwa nikipiga mistari ya ukurasa mpya, niliipanua safu ya sahihi kwa upana wa kidole kimoja.