Kidole Kisichouma

Harufu ya sangara mbichi anayepasuliwa ni nzito, huganda puani kama mafuta ya taa. Kila inaponikuta sokoni, narudi kidato cha tatu, Ilemela, miaka ile viwanda vya minofu vilipozuka kando ya ziwa na sisi wenyeji tukazoea kula mapanki, yale mabaki ya kichwa, mifupa na mkia.

Tulimzika mama Jumamosi. Jumatatu nikarudi shule, maana nyumbani baba alikuwa amekaa tu. Sikuwa nimelia. Shangazi zangu walinong'onezana kwamba nina roho ngumu. Niwaambie ukweli, sikuwa na roho ngumu wala laini. Umewahi kulalia mkono ukafa ganzi? Basi mimi nilikuwa hivyo mwili mzima.

Mwalimu Nyamizi, aliyetufundisha baiolojia, hakupenda kutuandikia ubaoni. Siku hiyo alileta sangara wadogo waliokataliwa na magari ya kiwanda, akagawa kila meza mmoja.

"Kitabu kinasema anakula furu, wale visamaki vya ziwani," alisema. "Haya, furu mmewaona lini mara ya mwisho? Mpasueni, muangalie wenyewe."

Meza yetu tulikuwa mimi na rafiki yangu Bhoke, mtoto wa Musoma. Wembe niliushika mimi. Tumbo lilipofunguka tukakuta dagaa, uduvi, na kisangara kidogo, macho yake bado mazima.

"Anakula watoto wake!" mtu akapiga kelele, na darasa zima likaangua kicheko. Mimi niliendelea kukata.

"Kabula! Damu!" Bhoke akanidaka mkono. Nilikuwa nimejikata kidole, jeraha refu lililoingia ndani, na damu yangu inachuruzika juu ya utumbo wa samaki. Nilikitazama kama kidole cha mtu mwingine.

Mwalimu akakiosha, akakifunga kitambaa. "Kinauma?"

"Hapana, mwalimu."

Akanitazama kidogo. "Basi kila asubuhi, kabla ya kengele, uje nikione."

Nikawa nakwenda. Alikuwa akikifungua, tunakichungulia wote wawili: damu ilivyoganda, ngozi mpya ilivyosogea kutoka pembeni. Hakunipa pole, wala hakumtaja mama. Aliuliza swali lile lile, nami nikamjibu vile vile, mpaka asubuhi moja alipogusa ukingo wa kidonda nikashtuka, nikauvuta mkono.

"Kinauma," nilisema.

Nikalia pale pale, kichwa juu ya meza ya maabara, hadi kipindi cha kwanza kikapita. Mwalimu alirudishia mlango, akaendelea kuosha chupa zake.

Siku hizi mimi ni muuguzi. Kidonda kama kile husafishwa, kikafungwa, kikaachwa kitulie. Kukifungua kila asubuhi ni kukichelewesha kupona. Na yule alikuwa mwalimu wa baiolojia. Hilo alilijua vizuri.